Digrii ya sanaa Uganda: ukope usome chuo kikuu, uchukue diploma, au uende ualimu? Tupige hesabu

Matokeo ya S6, yaani kidato cha sita, yakitoka tu, maswali yanaanza. Mtoto anachora vizuri, Art amepata A, anataka digrii ya sanaa, baba anasema hio ni kozi ya njaa, mama anasema mwacheni asome anachokipenda, shangazi aliyeko Entebbe anasema aende kompyuta. Mimi nawasikiliza wote alafu nauliza kitu kimoja tu, fizi, yaani ada, inatoka wapi? Hapo wananyamaza. Maana digrii ni hio hio moja lakini aliyeisoma bila deni na aliyeisoma kwa pesa ya kukopa wakimaliza hawafanani hata kidogo, na nyumbani watu wanagombana kuhusu kozi tu, suala la pesa wanalikuta mbele ya safari.

Nikisema sanaa hapa naongelea ile ya mikono, uchoraji, uchongaji, ufinyanzi, vitambaa, grafiki, sio BA ya historia na siasa. Makerere iko pale Margaret Trowell School of Industrial and Fine Arts, siku hizi wako ndani ya CEDAT, koleji ya uhandisi, usanifu, sanaa na teknolojia, pamoja na mainjinia. Kyambogo wana digrii ya sanaa na usanifu wa viwandani, na Nkumba kule njia ya Entebbe jina lao kwenye sanaa ni la zamani. Upande wa pili naweka diploma au kozi fupi ya grafiki ukimaliza unaingia Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala. Upande wa tatu ualimu wa Art. Kuna na njia ya nne, usome kitu kingine kabisa na kuchora ufanye wikendi, hio naigusa mwishoni kidogo tu.

Kwanza nani analipa

Serikali inalipia wanafunzi 4,000 kila mwaka kwenye vyuo vikuu vya umma, wengi wanaingia kwa alama za kitaifa, wengine kwa kota ya wilaya, wachache kwa michezo na walemavu. Sehemu kubwa ya nafasi imeelekezwa sayansi kwa hiyo za sanaa ni chache, lakini ukiipata mjadala umeisha, nenda kasome, usimsikilize mtu. Na wazazi wa Arua, Yumbe, Moroto na huko pembeni, hio kota ya wilaya msiipuuze. Jazeni fomu vizuri, wilaya iandikwe sahihi. Kuna watoto wenye pointi za kutosha kota ambao hakuna mtu aliyewaambia kwamba kota ipo.

Ya pili ni mkopo wa serikali wa elimu ya juu, ule wa HESFB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, uliowekwa kwa sheria ya 2014. Unalipa tyuisheni, ada nyingine za chuo na pesa ya utafiti, na kwa walemavu unaongeza vifaa vya kuwasaidia. Haulipi hosteli. Haulipi chakula. Na kwa mwanafunzi wa sanaa kuna jambo jingine, haulipi rangi wala kanvasi wala kamera. Kurudisha unaanza mwaka mmoja baada ya kumaliza. Alafu orodha ya kozi zao imejaa sayansi na teknolojia, kwa hiyo kabla hujamwambia mtoto "tutaomba loni" tafuta orodha ya mwaka huo, uone kozi yenyewe imeandikwa kwa jina lake kamili na kwa chuo hicho hicho. Msibahatishe hapo, mtu anapata admisheni, anasherehekea, anakuja kugundua kozi haimo na semista inaanza wiki ijayo.

Ya tatu ni familia. Ng'ombe, kibanja, sako ya mama, kaka aliyeko Juba. Hili nalo ni deni ingawa hakuna aliyeandika karatasi, kwa sababu ukimaliza wewe ndo utasomesha wadogo zako, na kila mtu nyumbani anajua hivyo.

Ya nne ni mkopeshaji binafsi, yule anayeshika hati ya ardhi au kadi ya pikipiki. Mwaka 2024 serikali iliwawekea kikomo cha riba, asilimia 2.8 kwa mwezi. Watu walishangilia. Ngojeni kwanza tuipigie hesabu.

Kipimo cha asilimia 8

Marekani ambako deni la chuo ni ugonjwa wa taifa, serikali yao ina tovuti inaitwa College Scorecard, unaandika chuo na kozi unaona waliosoma pale wametoka na deni kiasi gani na wanalipwa kiasi gani. Sisi kila mtu anakisia kwa kumwangalia binamu yake. Waliweka pia kanuni ya kupima kama kozi inamlipa aliyeisoma, kipimo kimojawapo kilisema malipo ya mkopo kwa mwaka yasizidi asilimia 8 ya mapato ya mwaka. Mazingira yao sio yetu, najua, lakini kipimo ni kizuri kwa sababu ni rahisi, hata mzee anaweza kukipiga kwenye simu ya kitochi.

Tuchukue mfano, na hii ni mfano tu, ada zinatofautiana chuo kwa chuo na mwaka kwa mwaka kwa hiyo weka namba zako. Tuseme tyuisheni na ada zingine ni milioni 2 kwa semista, semista 8, jumla milioni 16. Ugawe kwa miaka 8 bila riba yoyote ni kama 167,000 kwa mwezi. Ili hio iwe ndani ya asilimia 8 unahitaji kupata zaidi ya milioni 2 kila mwezi, na sio mwezi mmoja mzuri wa Disemba, kila mwezi kwa miaka minane.

Sasa milioni 16 hio hio ingekuwa ya mkopeshaji wa asilimia 2.8. Riba peke yake ni 448,000 kwa mwezi. Hujagusa hata shilingi ya deni lenyewe. Kwa hiyo mtu akikwambia riba imeshushwa siku hizi ni nafuu, mwambie nafuu kwa muuza samaki anayerudisha baada ya wiki mbili, sio kwa mwanafunzi atakayeanza kupata hela baada ya miaka minne.

Ualimu, hapa ndo panauma

Wazazi wengi wanaona ualimu ndo bima, kwamba kazi ya sanaa ikikosekana mtoto atafundisha. Ni kweli kazi ipo, lakini tazama mshahara. Tangu mwaka wa fedha 2022/23 mwalimu wa sayansi mwenye digrii kwenye sekondari za serikali analipwa milioni 4. Mwenzake wa masomo yasiyo ya sayansi yuko kwenye milioni moja na kidogo. Mwalimu wa Art anahesabiwa huko kwa historia na dini, hata kama somo lake lina maabara yake, lina vifaa, lina mtihani wa vitendo na anakaa nalo mpaka jioni. Walimu hawa waligoma 2022, wakagoma tena 2025, tofauti bado ipo.

Weka kodi. Kwa viwango vya PAYE, kodi ya mshahara, tulivyozoea tangu 2012, kwenye milioni moja URA, mamlaka ya kodi, inachukua 202,000, unabaki na 798,000. Kwenye milioni 4 inachukua kama milioni 1.1, anabaki na karibu milioni 2.9. Hawa wawili wanakaa chumba kimoja cha walimu, wanakula ugali na maharage ya shule moja, wametoka chuo mwaka mmoja. Rudisha ile 167,000. Kwa wa sayansi ni kama asilimia 4 ya mshahara kabla ya kodi, hahisi kitu. Kwa wa Art ni karibu asilimia 17, yaani mara mbili ya kipimo, na hapo tumempa mkopo usio na riba. Kama alikopa kwa yule wa 2.8, riba inakula zaidi ya nusu ya mshahara wake wa mkononi, alafu hajalipa nyumba.

Na nimeongelea shule ya serikali. Shule binafsi nyingi zinalipa chini ya hapo na wakati mwingine mshahara unasubiri wazazi walipe fizi. Tena ukiwa na digrii tupu ya sanaa bila ualimu ndani yake, kufundisha rasmi kunakutaka uongeze diploma ya uzamili ya ualimu, mwaka mwingine, ada nyingine. Kwa hiyo kama ndani ya moyo unajua utaishia darasani, chukua ile ya sanaa pamoja na ualimu moja kwa moja, Kyambogo wanayo, usizunguke.

Hukumu yangu kwenye hii ni kwamba ualimu wa Art ni kazi nzuri ya mtu asiye na deni. Mshahara unaingia, ni wa kudumu, kuna pensheni, likizo unapata muda wa kuchora na kuuza. Ila kama mpango wa kulipa mkopo ni huo mshahara, hesabu imekataa. Labda walinganishe mishahara, na hilo wanalisema kila mwaka.

Nasser Road na digrii ya grafiki

Mwenye diploma au kozi fupi na mwenye digrii wanakutana mtaa mmoja. Nasser Road pale Kampala ni mashine za kuchapa kila mlango, risiti, kalenda, vitabu vya hoteli, kadi za kwanjula (sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba), mabango ya wagombea. Mbunifu anakodi kiti na kona ya kuweka kompyuta, kuna broka anamletea mteja, anatengeneza, anapeleka kwenye sahani ya kuchapia, anachapisha, wanagawana. Hakuna anayeuliza transkripti. Wanauliza unajua programu gani, una haraka kiasi gani, na unaweza kurekebisha faili iliyoharibiwa na mwenzako saa mbili usiku wakati mteja amesimama nyuma ya kiti chako.

Pesa pale ni ya msimu. Mwisho wa mwaka kalenda na daiari, Januari vitabu vya shule, na kila baada ya miaka mitano uchaguzi, hapo watu hawalali. Katikati kuna miezi mikavu. Kwa hiyo mtu akikwambia "Nasser napata milioni mbili" muulize mwezi gani.

Upande wa deni, tuseme diploma ya miaka miwili ni milioni moja kwa semista, jumla milioni 4, na laptopu yenye nguvu juu yake. Milioni 4 kwa miaka minne ni kama 83,000 kwa mwezi. Ukipata wastani wa milioni moja umegusa kipimo cha asilimia 8 karibu kabisa. Ukipata 600,000, ni asilimia 14, sio rahisi, lakini ni deni ambalo mwezi mmoja wa kampeni unaweza kulifuta kipande kikubwa. Na umeanza kazi miaka miwili kabla ya mwenzio wa digrii, hio watu huisahau, miaka miwili ya kujuana na wateja.

Sasa digrii inakuja kushinda wapi? Kwenye ajira zenye barua. Mashirika, NGO zilizojaa Arua na Adjumani na Kampala, benki, kampuni za simu, ofisi za serikali, tangazo la kazi ya mawasiliano au ubunifu linasema digrii, na anayechambua barua mia tatu anaanza kwa kutupa zisizo na digrii. Fundi mzuri kuliko wote wa Nasser anatupwa hapo hapo. Mishahara ya huko ndo inaweza kubeba deni la chuo. Ila nafasi zenyewe ni chache na kila mwaka vyuo vinamwaga watu wapya, kwa hiyo mimi siwezi kumwambia mtu akope milioni 16 kwa kutegemea kwamba atakuwa yeye.

Pia digrii inakufundisha vitu ambavyo Nasser hawana muda navyo, kuchora mwili wa mtu, historia ya sanaa, vitambaa, udongo, kutetea kazi yako mbele ya watu wanaokukosoa. Hii sio maneno tu. Kadi za kwanjula siku hizi mteja anatengeneza mwenyewe kwenye simu, na hizi programu za akili bandia zinatoa logo kwa dakika, kwa hiyo aliyejua kubonyeza tu ataumia kwanza. Anayejua kuchora na kufikiri ana pa kuhamia. Hapo nakiri upande wa digrii una hoja nzito, na ningependa vyuo vya diploma viongeze kuchora kwa mkono badala ya kufundisha programu tu.

Kitu kidogo cha pembeni, uwe na digrii au diploma, ukianza kufanya kazi za kampuni kata TIN, namba ya mlipa kodi, mapema. Wale walioteuliwa na URA wakikulipa zaidi ya milioni moja wanakata asilimia 6 kabla hela haijakufikia, na kama hujaiweka kwenye bei yako imetoka kwenye faida yako. Omba karatasi ya makato kila mara, hio pesa inahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka.

Wale wa galari

Kila mtu atakutajia waliofanikiwa. Ni kweli wapo. Mnara wa uhuru pale Kampala wa 1962 ni kazi ya Gregory Maloba, Mkenya aliyepitia Makerere. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame kule Kilimanjaro, alisoma Makerere na jumba la sanaa la MoMA la New York likanunua mchoro wake 1960. Elimo Njau alitoka Makerere akaenda kuanzisha Paa ya Paa Nairobi 1965. Na karibuni 2022 Uganda ilienda Venice Biennale, maonyesho makubwa ya sanaa kule Italia, mara ya kwanza kwa kazi za Acaye Kerunen na Collin Sekajugo wakarudi na tuzo ya kutajwa kwa heshima. Mama Trowell, yule mwenye jina la shule ya Makerere, alianza madarasa 1937, sio shule ndogo hii.

Lakini ukimtajia mtoto majina ya wazee mwambie na hili. Mpango wa wanafunzi kujilipia Makerere ulianza 1992. Kabla ya hapo waliokuwa wanaingia walikuwa wanagharamiwa, wengine wanakumbuka hata posho. Msanii wa zamani alitoka chuo akiwa na brashi na sifuri ya deni, akaweza kukaa miaka akihangaika mpaka jina likatoka. Wa leo mwaka wa kwanza baada ya mahafali kuna mtu anampigia simu anadai, kwa hiyo anaacha studio anaenda kuuza muda wa hewani na simu. Kipaji ni kile kile, muda ndo hana.

Na pesa ya galari haiendi kama watu wanavyofikiri. Galari nyingi duniani huchukua asilimia 40 hadi 50 ya bei, na sio wizi, wao wanalipa ukumbi, wanatafuta mnunuzi, wanachapisha katalogi. Mchoro wa milioni 3 ukiuzwa unapata milioni moja na nusu, toa kanvasi, toa rangi ambayo inatoka nje na bei yake inapanda na dola, toa fremu. Unaweza kuuza miwili mwezi huu alafu usiuze tena hadi watalii warudi. Kijiji cha sanaa nyuma ya National Theatre na soko la Buganda Road bei ziko chini lakini hela ni ya kila wiki, wengi wanaishi kwa hizo wakisubiri galari. Ukiwa Kampala nenda uone galari za Nommo na Afriart, na kituo cha wasanii cha 32° East, ongea na wasanii wenyewe, waulize wanakula nini mwezi wa tano. Watakwambia, wasanii hawafichi shida.

Kwa njia hii kukopa ni hapana. Deni linataka tarehe na mchoro hauna tarehe.

Na wanaota ng'ambo

Fupi tu. Shule za sanaa za Marekani kama RISD ada peke yake inazidi dola 50,000 kwa mwaka, kwa dola ya 3,600 ni milioni 180. Mikopo ya serikali yao sio ya Mganda. Kama hakuna skolashipu kamili iliyoandikwa, usijaze fomu.

Basi ningechagua nini

Ningekuwa na nafasi ya serikali, digrii, bila kufikiri mara mbili, na hela ya nyumbani iliyopangwa kwa fizi ninunue laptopu na rangi. Familia inaweza kulipa bila kuuza kitu kinachowalisha, bado digrii, ila nichague grafiki au vitambaa pamoja na kuchora, sio uchongaji peke yake, na likizo zote niwe Nasser au kwa fundi wa mabango, nisisubiri mahafali. HESFB wakinikubalia nichukue lakini nipige kwanza hesabu ya hosteli na vifaa maana hio ndo inayowarudisha watu nyumbani mwaka wa pili, sio tyuisheni.

Kama njia pekee ni mkopeshaji au kuuza kibanja, basi diploma. Hapa wazazi hunikasirikia, wanaona diploma ni kumshusha mtoto aliyepata A. Lakini diploma haifungi digrii. Makerere wana mlango wa kuingia kwa diploma, Kyambogo vile vile, kwa hiyo mtoto anaweza kusoma miaka miwili, akafanya kazi, akaweka akiba, akaja kuingia digrii akiwa na wateja wake na anajua rangi gani inanunuliwa wapi. Analipa semista mwenyewe au anagawana na nyumbani. Mimi katika hizi njia zote hii ndo naipenda kwa mtoto wa familia ya kawaida.

Ile ya nne, kusoma kitu kingine na kuchora pembeni, ifanye kama hicho kitu kingine unakiweza kweli. Mwenye A ya Art na alama dhaifu ya fizikia akilazimishwa ualimu wa sayansi kwa sababu ya zile milioni 4, atarudia mitihani, na kila ritek inalipiwa, mwishowe familia inakuwa na deni na digrii haipo.

Ukichagua diploma kuna mambo ya kuangalia kabla hujalipa hata mia. Chuo kiwe kimesajiliwa na kozi yenyewe iwe na idhini, ulizeni NCHE, baraza la taifa la elimu ya juu, sio yule anayegawa vipeperushi getini. Alafu soma ili utoke na daraja zuri, kwa sababu mlango wa diploma kwenda digrii hauchukui kila mtu. Na cheti pamoja na transkripti chukua mara tu vinapotoka, usiache chuoni kwa sababu ya salio la laki mbili, maana siku ya kujaza fomu ya digrii utahitaji nakala zilizothibitishwa, na ofisi za vyuo hivyo mnazijua.